Asali ya Kibimba

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nesi Kalista kanipa daftari hili na kuniagiza niandike kila siku, hata mstari mmoja. Nikamwuliza niandike nini. Akasema, "Andika ukweli, mzee Danstan, maana kwa mdomo umeshanidanganya mara tatu tangu uingie humu." Mtoto yule nilimshonea sare ya darasa la kwanza kwa mikono yangu! Haya, ukweli ndio huu: mimi ni fundi cherehani hapa Murusagamba senta, nina miaka hamsini na miwili, na asubuhi mikono hainitulii mpaka nipate kikombe cha kwanza. Mwezi jana nilimshonea mwalimu mkuu suruali yenye zipu nyuma.

Lakini kilichonipeleka zahanati si suruali, ni Jovitha, binti yangu wa pili. Kapata mchumba, kijana anaitwa Rwekaza, wa Nyamigogo kule Biharamulo, na wazee wa kijana watakuja rasmi tarehe 14 Juni. Jumapili baada ya misa Jovitha kaniita nyuma ya nyumba, akapiga goti, akaniamkia kwa heshima zote, kisha akasema, "Baba, siku hiyo ukinywa, hata funda moja, nitamwomba baba mdogo Audax akae kwenye kiti chako."

Audax ni mdogo wangu. Tangu tukiwa watoto anakitaka kila nilichokalia.

Siwezi kumlaumu Jovitha. Siku alipoposwa dada yake Tecla, mwaka juzi, nasimuliwa kwamba nilimkumbatia dereva aliyewaleta wageni, nikampa baraka zote za baba mkwe, nikamwagiza amtunze mwanangu, kisha nikalala pale pale. Nasimuliwa, kwa sababu mimi sikumbuki hata gari lilikuwa la rangi gani. Dereva mwenyewe alikuwa na mke na watoto wanne.

Nesi anasema kuacha peke yangu nitashindwa. Kuna kikundi cha watu walioacha pombe, wanakutana Kibimba kila Jumamosi saa nane mchana, nyuma ya godauni la zamani la kahawa. "We nenda tu, watakupokea." Afadhali ni Kibimba. Kingekuwa hapa senta, hata mbuzi wa jirani wangejua kabla sijafika mlangoni.

7 Machi

Natetemeka. Nimejichoma sindano mara nne.

8 Machi, Jumamosi

Mvua. Sikwenda. (Nesi kasema niandike ukweli. Basi: mvua ilikatika saa nne asubuhi.)

11 Machi

Audax kafukia ndizi shimoni ziive. Anatengeneza urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na shimo lenyewe kalichimba mpakani, hatua kumi kutoka kwenye cherehani yangu. "Kaka, nasikia umefunga mwaka huu. Mpaka lini?" Kila Kwaresima huwa naacha pombe Jumatano na kuirudia Ijumaa, naye anajua. Nikamjibu kwa kiburi, "Mpaka Pasaka." Akacheka mpaka akashika mgomba.

15 Machi, Jumamosi

Nimekwenda. Mungu wangu, nimekwenda.

Bodaboda kaniuliza nafuata nini Kibimba, nikamwambia napeleka vipimo vya suti. Njia yote matope, tumeshuka kusukuma mara mbili. Nikafika saa nane kasoro, nikazunguka nyuma ya godauni. Nikakuta watu wanane kwenye mabenchi, mzinga mmoja wa nyuki uliopakwa rangi ya kijani, na kibao: TUAMKE, KIKUNDI CHA WAFUGA NYUKI.

Waliponiona wakanyamaza wote mara moja. Mwanamume mnene mwenye kofia ya pama akasimama. "Karibu mzee wangu. Mimi Idefonsi, mwenyekiti. Tukusaidie nini?"

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Lakini unawaambiaje wafuga nyuki kwamba unatafuta walevi? Nikasema, "Naulizia asali."

Wakatazamana. Mama mmoja akajifunika kitenge mdomoni. Mwenyekiti akakohoa. "Asali... asali ipo. Ngoja kidogo." Akatoka mbio, akakaa karibu nusu saa, akarudi akitokwa jasho na chupa mkononi. Nikanunua. Ningefanyaje?

Nikavuka barabara, nikakaa nje ya duka nisubiri wafuga nyuki waondoke na walevi waingie. Hakuja mtu. Na mlevi mimi namjua hata kwa mgongo. Wale wafuga nyuki walikuwa wamechana nywele, mashati yamefungwa vifungo vyote, wanakunywa uji. Hapana, kikundi changu kitakuwa kimehama.

Nyumbani mke wangu Ernesta kaichukua chupa, kaifungua, kainusa. Huku kwetu asali si ya kulamba tu. Ukiichanganya na maji na mtama uliokaangwa, ukaiacha siku chache, unapata kangara, na kangara huangusha mtu kuliko urwagwa.

"Baba Tecla, asali ya nini?"

"Ya chai."

"Tangu lini unakunywa chai?"

17 Machi

Nimekwenda zahanati kuuliza upya. Nesi Kalista yuko mafunzoni Bukoba mpaka baada ya Pasaka, na mwingine wa kumwambia siri yangu simwamini.

22 Machi, Jumamosi

Wafuga nyuki tena! Mwenyekiti akaniona kutoka mbali, uso ukamshuka. "Mzee, umerudi." Nikasema asali yao ilikuwa nzuri sana. Kaniuliza safari hii nataka kiasi gani, nikaona aibu kusema kidogo baada ya safari ndefu vile, nikasema dumu la lita tatu. Akashika kichwa. Alikaa saa nzima huko alikokwenda, wenzake wakanitazama kimya, nami nikawatazama. Sijawahi kuona watu wasio na la kusema kuhusu kazi yao kama wale.

23 Machi

Ernesta kaficha dumu chini ya kitanda. Jovitha hanisemeshi.

29 Machi, Jumamosi

Mto umefunika daraja. Maharage yameanza kutoa maua.

5 Aprili, Jumamosi

Mara ya tatu. Yule mama wa kitenge, anaitwa Bernadetha, kashindwa kuvumilia. "Mzee, una familia kubwa?"

"Kwa nini?"

"Asali yote hii."

Nami nikamwuliza mwenyekiti, kwa adabu tu, kama nyuki wanaendeleaje na mvua hizi. Akafikiri. "Wanaendelea vizuri," akasema. "Wanakusalimu." Nikautazama mzinga. Buibui alikuwa ametandaza utando mlango mzima. Nikawahurumia maskini wale, nikaona hii kazi haitawafikisha popote. Nikachukua chupa mbili ili kuwatia moyo.

Nimefika nyumbani nikakuta kikao. Ernesta kapanga mezani asali yote, chupa na dumu, kama ushahidi wa polisi, na Jovitha amekaa pembeni. "Haya," Ernesta akasema, "ongezea na hizo ulizoshika. Mwanao nimemwambia wazi: baba yako anatayarisha kangara ya sherehe yako, atakunywa peke yake kabla wageni hawajashuka."

Ningesema ukweli. Lakini ningesema naenda kwenye kikundi, wangeuliza kikundi chenyewe kiko wapi, na mimi nimekitafuta wiki tatu sijakiona. Kwa rozari nimeshaapa. Kwa kaburi la mama nimeshaapa. Hakuna kilichobaki cha kuapia humu ndani. Nikasema, "Ni ya chai," nikaenda kulala saa moja jioni.

13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Audax kakamua ndizi. Harufu imeingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja.

20 Aprili, Pasaka

Nimekunywa.

21 Aprili

Siku arobaini na sita nilikuwa nimetimiza. Jana baada ya misa Audax kaja na kibuyu. "Kaka, Kwaresima imeisha. Ulisema mpaka Pasaka." Na ni kweli nilisema! Mtu hawezi kupewa neno lake mwenyewe kwenye kibuyu akakataa, ndivyo nilivyojiambia, nikavuta funda moja la kumheshimu ndugu yangu. La pili nakumbuka. Baada ya hapo nasimuliwa tena: Jovitha kanikuta katikati ya maharage nimelala chali, nimeyalaza matuta mawili.

Hakunipigia kelele. Angepiga ningeshukuru. Kaniinua, kanipangusa udongo, kisha akaenda moja kwa moja kwa Audax.

Na leo mchana Audax kaja dukani kwangu, kasimama mbele ya kioo, kanyanyua mikono. "Nipime koti, kaka. Jovitha kasema tarehe 14 nikae mbele." Nimempima mabega, nimempima kifua, nimeandika namba zake. Nimeona aibu mpaka machozi yamedondokea tepu. Kasema lisibane tumboni.

26 Aprili, Jumamosi, Muungano

Nimeondoka mapema, nikafika Kibimba saa sita, nimeamua kuwauliza waziwazi hata kama ni wafuga nyuki. Nikapitia gulioni. Pale kwenye meza ya mama mmoja muuza asali nikaona kofia ya pama. Mwenyekiti! Anabembeleza: "Mama, niongezee chupa moja, yule mzee wa Murusagamba anaweza kutokea leo, na akitokea huwa hatosheki." Mama akamimina kutoka kwenye ndoo, mwenyekiti akafuta shingo ya chupa kwa leso, akageuka, tukakutana uso kwa uso.

"Mwenyekiti," nikasema, "nyuki wako wako wapi?"

Akanitazama. Akaitazama chupa. "Na wewe mzee, asali yote ile unaipeleka wapi?"

Sikuwa na uongo mwingine. "Iko nyumbani chini ya kitanda. Mimi sihitaji asali. Mimi ni mlevi. Nilielekezwa kwa watu walioacha pombe, nikawakuta ninyi."

Idefonsi akakaa chini. Kwenye matope, na suruali ya kitambaa kizuri tu. Akacheka mpaka kofia ikaanguka, akawa anafuta machozi kwa leso ile ile ya asali. Mama muuza akauliza kama ni mgonjwa.

Kumbe mwaka jana kikundi kilikuwa hakina kibao, na kila Jumamosi watu walikuja kusimama ukutani kuwacheka na kutoa chupa mifukoni ili kuwatamanisha. Ndipo Bernadetha, aliyekuwa akipika gongo na kuonja kila chupa, akashauri wajiite wafuga nyuki, kwa sababu nyuki hakuna anayewasogelea. Waliponunua mzinga, kero ikaisha. Mimi walinidhani mpelelezi wa kata anayechunguza kama kweli wanafuga. Kila nilipokuja walivunja kikao wakabaki kunywa uji, na fedha ya kununua asali walichangishana.

Tumeingia nyuma ya godauni pamoja. Nimesema jina langu, nimesema siku sita. Wakapiga makofi kana kwamba nimesema miaka sita. Nimelia mbele ya watu nisiowajua, na nimekunywa uji vikombe vitatu.

27 Aprili

Nimemweleza Ernesta yote. Kanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Wafuga nyuki wasio na nyuki, wanaoacha pombe. Baba Tecla, miaka ishirini na nane umenidanganya, lakini uongo huu umeufanyia kazi."

3 Mei, Jumamosi

Ernesta kaja nami Kibimba, na mwavuli kaushika kama rungu. Kakaa benchi la nyuma, kasikiliza watu wote, hakufungua mdomo. Njiani kurudi, juu ya bodaboda, kanishika kiuno. Sikumbuki mara ya mwisho.

4 Mei

Ernesta kamweleza Jovitha. Jovitha kajibu, "Nimesikia. Koti la baba mdogo endelea kulishona, baba."

12 Mei

Nimetia mikono koti la Audax. Mikono imekaa vizuri. Na yangu pia imetulia, nimetunga uzi mara ya kwanza tu.

24 Mei, Jumamosi

Balaa. Leo kikundini nimeuliza jambo ambalo nimekuwa nikikwepa kulifikiria. Wageni wanapokuja kuposa wanaleta mtungi wa urwagwa, mtungi unawekwa katikati, na baba wa binti ndiye anayevuta wa kwanza kwa mrija. Asipovuta, hakuna anayefungua mdomo, si mshenga wala mjomba. Sasa, hata Jovitha akinirudishia kiti: nikivuta, anampa Audax. Nisipovuta, lazima mwingine avute badala ya baba, na huyo ni Audax.

"Waambie walete soda," akasema Bernadetha.

"Nikisema soda wataniuliza kwa nini."

Idefonsi akapiga paja. "Puliza! Tia mrija mdomoni, usivute, puliza. Pombe itatoa mapovu, wote watajua umevuta."

31 Mei, Jumamosi

Mazoezi. Ndoo ya maji, mirija ya kunywea, watu wazima wanane tumeizunguka tunapuliza, na mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, anasimamia mashavu: "Danstan, hilo shavu limevimba, mvutaji shavu huingia ndani!" Akapita afisa ugani wa kata na pikipiki, akasimama, akatutazama kwa muda. Idefonsi akamwambia tunajifunza kutuliza nyuki. Akaandika kwenye kitabu chake.

8 Juni

Tunang'oa maharage. Jovitha kapiga simu kwa shangazi zake, sauti ya furaha. Aliponiona akashusha sauti.

11 Juni

Koti limekwisha. Limempendeza, ndiyo shida yake. Jovitha kapita dukani, kalitazama kwenye hanga, akauliza, "Na lako, baba?" Nikasema nitavaa la zamani. Akasema, "Lipige pasi basi." Sijui maana yake nini, lakini nimelipiga pasi mara tatu.

14 Juni, Jumamosi

Siku ya hamsini na tano. Naandika jioni hii nikiwa na akili zangu zote.

Wageni wameshuka saa tano. Kiti changu kilikuwa mbele, hakuna aliyekikalia. Jovitha alikuwa chumbani na shangazi zake, pazia limeshushwa, ndivyo desturi. Nikasimama pembeni sijui niende wapi. Ernesta akanisukuma mgongoni. Nikakaa. Audax, ndani ya koti nililomshonea, akakaa kiti cha pili, ameegemea mbele.

Mzee Yohanes, baba wa kijana, mtu mrefu wa maneno machache, akawaashiria vijana wake wakaleta mtungi. Wakautua mbele ya magoti yangu. Mshenga akachomeka mrija, akasema, "Baba wa nyumba hii, midomo yetu imefungwa. Tufungulie."

Nikainama. Mpango ulikuwa kupuliza. Nimefanya mazoezi, mashavu nilikuwa nayo. Lakini harufu ilipopanda, mate yakajaa mdomoni, na nikajua bila shaka yoyote: mrija huu ukigusa mdomo wangu, sitapuliza. Nitavuta, na sitauachia mpaka nione chini ya mtungi.

Nikanyanyua kichwa. Watu kama sitini wananitazama. Audax keshanyanyua makalio nusu.

"Wazee wangu," nikasema, na sauti ikatoka ndogo, ikabidi nianze upya. "Wazee wangu, mimi siwezi kuvuta. Si kwamba nimekataa uchumba. Mimi ni mlevi. Nimeacha siku hamsini na tano. Nikivuta hapa mbele yenu, leo hamtapata baba wa kuongea naye. Miezi mitatu nimedanganya kila mtu, hata bodaboda, na sasa nimechoka. Mkitaka, nitaondoka kwenye kiti hiki."

Mshenga akamtazama Yohanes, Yohanes akautazama mtungi. Audax akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Basi mimi, kama mdogo wake..."

"Kaa chini, shemeji," akasema Ernesta.

Akainuka kwenye mkeka wa akina mama. Huyu ni mwanamke wa Legio, chama cha sala kanisani, tangu nimuoe hajawahi kuonja hata povu. "Mnataka mzazi avute? Huyu binti nilimbeba mimi tumboni, si Audax." Akapiga goti mbele ya mtungi, akatia mrija mdomoni, akavuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayenyonya dawa ili iishe upesi.

Akakohoa. Machozi yakamtoka. Akanigeukia, mbele ya wakwe, mbele ya katekista, akasema kwa hasira ya kweli, "Hiki? Baba Tecla, miaka yote hii ulikuwa unanikimbia kwa ajili ya *hiki*?"

Walianza akina mama wa Nyamigogo. Kicheko kikatoka kwao, kikaja kwetu, kikapita kwa mshenga aliyeshika ubavu, mpaka shangazi mmoja akalala kwenye bega la mwenzake. Hata Yohanes akacheka, meno yote nje. Alipotulia akasema, "Mzazi amevuta. Sasa tuongee na baba." Akaniangalia mimi, si Audax.

Tukaongea mpaka saa kumi.

15 Juni, Jumapili

Asubuhi Jovitha kaniletea chai kibarazani. Akaniamkia, nikaitikia, nikadhani ataondoka. Akavuta kigoda, akakaa.

"Baba, jana mimi sikuona kitu. Shangazi walining'ang'ania chumbani, kelele nilizisikia tu. Mama akianza kusimulia anacheka, hafiki mwisho. Nisimulie wewe."

Nikamsimulia. Nikaanza na gari, aina yake na waliokaa mbele. Nikamwambia Rwekaza alivyokuwa akikunjakunja leso, shangazi yake aliyevaa gauni la bluu lenye pindo lililofumuka upande wa kushoto, baba yake anayenyamaza kabla ya kila neno, nani aliuliza nini, nani alijibu nini, mvua ilitishia saa ngapi na ikaghairi saa ngapi. Chai ikapoa. Sikujua kwamba siku moja ina vitu vingi hivyo.

Jovitha alikuwa ameinamisha kichwa. "Na mwisho," akauliza, "uliponitoa, ulisema nini?"

"Nilisema: Huyu ni Jovitha wangu. Ni mkali, na ukali wake umenifaa. Mpeni nafasi ya kusema, na akisema, msikilizeni mara ya kwanza, msifanye kama mimi."

Akafuta uso kwa upande wa khanga.

"Rudia, baba."

Nikarudia, yote, na hakuna neno hata moja lililokuwa limepotea.